Thiorema ya wastani haisemi c iko wapi: basi inatufaa nini?

Swali: Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja hapa magharibi mwa Kenya, ninasomea ualimu wa hisabati na fizikia. Katika jaribio la kalkulasi tuliulizwa kama thiorema ya wastani inatumika kwa fankisheni f(x) = x^(2/3) kuanzia −1 hadi 8, na kama inatumika, tutafute c, yaani nukta ambapo mteremko wa fankisheni ni sawa na mteremko wake wa wastani. Nilipiga hesabu nikapata c = 8, ambayo naona imo kati ya −1 na 8, lakini nilipewa sufuri bila maelezo. Zaidi ya hilo, hata ninapopata c iliyo sahihi sioni faida yake, kwa kuwa thiorema yenyewe inasema tu kwamba c ipo, haisemi ilipo. Halafu maswali ya "thibitisha kwamba" hunishinda kabisa, kwa sababu hayana c ya kutafuta. Je, thiorema hii ni ya kazi gani hasa?

Jibu: Nimelisoma swali lako mara mbili, na naona sehemu yake ya mwisho ndiyo iliyobeba jibu la sehemu nyingine zote. Unasema maswali ya kuthibitisha yanakushinda kwa sababu hayana c ya kutafuta. Mimi nasema maswali ya kutafuta c ndiyo yenye thamani ndogo, na sisi walimu huyaweka katika mtihani kwa sababu ni mepesi kusahihisha. Thiorema hii haikuthibitishwa ili c ipatikane. Kazi yake ni kutuwezesha kusema jambo la hakika kuhusu fankisheni nzima kwa kujua mipaka ya derivativu yake tu, yaani kasi yake ya mabadiliko, huku c ikibaki imejificha mahali ambapo hatuna haja ya kupafikia. Tuanzie barabarani, kisha tuirejee sufuri yako.

Chukua matatu inayoondoka Nakuru saa kumi na mbili kamili asubuhi na kufika Kisumu saa mbili kamili, kwa kupitia Mau Summit, Kericho na Ahero. Njia hiyo ni kama kilomita 180. Kwa ajili ya hesabu tuichukulie kuwa 180 kamili. Wastani wa mwendo ni kilomita 90 kwa saa. Sheria yetu inataka gari la abiria lisizidi kilomita 80 kwa saa, na tangu kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka wa 2004, matatu hutakiwa kuwa na kidhibiti mwendo. Dereva atasema kwamba hakuna askari aliyemwona akikimbia, na huenda ni kweli. Hata hivyo, saa ya kuondoka iliyoandikwa kwenye tiketi na saa ya kufika iliyo ukutani pale steji zinatosha kutuambia kwamba upo wakati, angalau mmoja, ambapo mshale wa kipima mwendo ulisimama juu ya 90 kamili. Kama ilikuwa kwenye mteremko baada ya Kericho au kwenye tambarare za Ahero, hatujui, na shtaka halihitaji tujue. Kamera za barabarani za Uingereza zinazopima wastani wa mwendo kati ya nguzo mbili hutegemea hoja hii hii.

Kwa lugha ya darasani, thiorema inasema hivi. Ikiwa fankisheni f haikatiki popote kuanzia a hadi b, ncha zote mbili zikiwemo, na ikiwa ina derivativu katika kila nukta iliyo katikati, ncha zikiachwa nje, basi ipo nukta c iliyo katikati kabisa, yaani a < c < b, ambapo

f′(c) = (f(b) − f(a)) / (b − a).

Upande wa kulia ni mteremko wa mstari mnyofu unaounganisha ncha mbili za grafu. Upande wa kushoto ni mteremko wa tanjenti kwenye c, yaani mstari mnyofu unaoigusa grafu hapo na kufuata uelekeo wake. Thiorema inadai kwamba mahali fulani tanjenti iko sambamba na mstari ule.

Uthibitisho wake unaweza kuuona barabarani papo hapo. Waza matatu ya pili, ya kubuni, inayoondoka Nakuru saa ile ile na kwenda kilomita 90 kwa saa bila kuongeza wala kupunguza, kana kwamba milima haipo. Itafika Kisumu saa mbili kamili, sambamba na ile ya kweli. Sasa pima pengo kati ya magari hayo mawili. Mwanzoni ni sufuri na mwishoni ni sufuri. Njiani pengo hubadilika; tuseme gari la kweli linaachwa nyuma katika kupanda kuelekea Mau Summit, kisha linafidia katika kushuka. Jiulize kuhusu wakati ule pengo lilipofikia upana wake mkubwa kuliko wote. Kama wakati huo gari la kweli lilikuwa bado polepole kuliko lile la kubuni, pengo lilikuwa linaendelea kupanuka, kwa hiyo halikuwa limefika upeo wake. Kama lilikuwa na kasi zaidi, pengo lilikuwa tayari linapungua, kwa hiyo upeo ulikuwa umeshapita. Linabaki jambo moja tu, nalo ni kwamba kasi zao zilikuwa sawa, na kasi ya gari la kubuni ni 90 siku zote. Endapo pengo halikutokea hata kidogo, basi gari la kweli lilikwenda 90 safari nzima, na kila nukta ya njiani ni c.

Hayo ndiyo yote yaliyomo katika uthibitisho wa kitabuni. Mwandishi anapoandika h(x) = f(x) − f(a) − m(x − a), ambapo m ni ule mteremko wa wastani, anapima pengo kati ya f na gari la kubuni; h(a) na h(b) zote ni sufuri, na pale h inapofika kilele chake au bonde lake, h′(c) = 0, yaani f′(c) = m. Hali hii ya pekee, ambapo ncha mbili ziko kimo kimoja na mteremko wa katikati ni sufuri, huitwa thiorema ya Rolle, kwa heshima ya Mfaransa Michel Rolle aliyeitoa mwaka wa 1691 kwa ajili ya polinomia pekee, yaani fankisheni kama x³ − 2x + 1. Rolle mwenyewe alikuwa mpinzani mkali wa kalkulasi ya siku zake, na bado jina lake limekaa katikati ya somo alilolipinga. Mwanahisabati Lagrange aliifanyia kazi thiorema pana zaidi mwaka wa 1797, na mwenzake Cauchy akaijenga juu ya msingi wa vikomo, yaani thamani ambazo fankisheni hukaribia, mwaka wa 1823.

Ukitaka kuiona thiorema kwa macho, chora grafu yoyote laini kwenye karatasi, weka rula ipite kwenye ncha zote mbili, kisha isukume taratibu kuelekea upande ilikopindia grafu, bila kuizungusha hata kidogo. Itaendelea kuikata grafu mara mbili, na nukta hizo mbili zitakuwa zinakaribiana, mpaka ifike mahali inaigusa mara moja tu na kuiacha. Pale inapoiacha ndipo c ilipo. Nimefanya hivi ubaoni kwa miaka mingi, na darasa hulishika jambo hili kwa rula upesi kuliko kwa herufi.

Sasa chukua rula hiyo uipeleke kwenye fankisheni yako, x^(2/3), yaani kipeuo cha tatu cha x kikipigwa mraba. Ncha ya kushoto ni (−1, 1) na ya kulia ni (8, 4), kwa hiyo mteremko wa wastani ni (4 − 1) ÷ 9, yaani 1/3. Derivativu ni 2 ÷ (3x^(1/3)). Ukiilinganisha na 1/3 unapata x^(1/3) = 2, na x = 8. Hesabu yako haina kosa. Kosa liko kwenye neno dogo la thiorema, kwamba c lazima iwe katikati kabisa, na 8 ni ncha yenyewe. Kwa maneno mengine umegundua kwamba katikati hakuna c hata moja, jambo ambalo lingepaswa kukushtua, kwa sababu thiorema inaahidi moja. Ikiwa ahadi haikutimia, basi sharti moja lilivunjwa. Grafu hii ina ncha kali penye x = 0, kama ncha ya chini ya herufi V iliyopindwa mikono. Kushoto kwa sufuri mteremko ni hasi kila mahali. Kulia kwake mteremko unaanza ukiwa mkubwa mno, kisha unapungua polepole, na unafika 1/3 kwenye ncha ya mwisho tu. Penye sufuri yenyewe hakuna derivativu. Rula uliyoisukuma chini hukwama kwenye ile ncha kali, mahali ambapo hakuna tanjenti ya kulingana nayo. Jibu lililotakiwa lilikuwa la mstari mmoja, kwamba thiorema haitumiki kwa sababu f haina derivativu penye 0, ambayo imo ndani ya kipande hicho. Mimi ningekupa angalau alama moja kwa hesabu, lakini sikuwa mimi msahihishaji.

Sharti la pili, la kutokatika, huonekana vizuri zaidi kwenye ada za kutuma pesa kwa simu. Ada hizo hupanda kwa ngazi: ndani ya kundi moja la viwango ada haibadiliki hata shilingi, kisha ukivuka mpaka inaruka juu kwa ghafla. Ukichora grafu ya ada dhidi ya kiasi kinachotumwa, mteremko wake ni sufuri kila mahali ulipo, na bado anayetuma elfu nyingi hulipa zaidi ya anayetuma mia chache. Wastani wa ongezeko ni zaidi ya sufuri, lakini hakuna nukta hata moja yenye mteremko huo. Ongezeko lote limefanyika ndani ya miruko, na thiorema haioni miruko.

Kuhusu kutafuta c sitasema mengi. Kwa x² kwenye kipande chochote, c ni katikati kabisa, (a + b) ÷ 2. Kwa 1/x, a na b zikiwa chanya, c ni kipeuo cha pili cha ab. Kwa x³ kuanzia −3 hadi 3, wastani ni 9, na kutoka 3c² = 9 unapata c mbili, kipeuo cha pili cha 3 na hasi yake, zote halali; usiitupe ile hasi kwa mazoea. Thiorema imesema "angalau moja" na hutimiza hivyo tu.

Tuje sasa kwenye kazi yenyewe. Andika thiorema upya bila sehemu:

f(b) − f(a) = f′(c) × (b − a).

Ukiisoma hivi, inakuambia kwamba tofauti kati ya thamani mbili za fankisheni ni derivativu ya mahali fulani ikizidishwa kwa umbali. Hujui ni mahali gani, lakini unajua pako kati ya a na b, na mara nyingi unajua derivativu haiwezi kuzidi kiasi fulani au kupungua chini ya kiasi fulani katika kipande hicho chote. Mipaka ya derivativu hugeuka kuwa mipaka ya tofauti. Hapo ndipo c inapofanya kazi yake na kuondoka bila kujulikana.

Mfano wa kwanza uwe wa nambari. Kipeuo cha pili cha 66 ni ngapi, bila kikokotoo? Kipeuo cha 64 ni 8. Chukua f(x) = √x kuanzia 64 hadi 66. Derivativu yake ni 1 ÷ (2√c), na umbali ni 2, kwa hiyo √66 − 8 = 1 ÷ √c. Kwa kuwa c ni zaidi ya 64, √c ni zaidi ya 8, na tofauti ni chini ya 1/8. Kwa hiyo √66 ni chini ya 8.125. Kwa upande wa pili, c ni chini ya 66, na tumetoka kujua kwamba √66 ni chini ya 8.125, basi √c pia ni chini ya 8.125, na tofauti ni zaidi ya 1 ÷ 8.125, ambayo ni zaidi ya 0.123. Kwa hiyo √66 iko kati ya 8.123 na 8.125. Kikokotoo kitakupa 8.12403 na desimali zinazoendelea. Angalia tulivyofanya: mpaka wa kwanza tuliokwisha kuupata tuliutumia kuukaza wa pili, na hatukuuliza hata mara moja kama c ilikuwa 64.9 au 65.2.

Hapa kuna kosa ambalo nimeliona katika karatasi nyingi kuliko lolote lingine. Mwanafunzi anaandika "tuchukue c = 65" kisha anaendelea. Huruhusiwi kuchagua c. Fankisheni ndiyo inayoichagua. Wewe unachagua f, a na b tu, na hoja yako lazima isimame popote c itakapoangukia kati yao.

Maswali ya "thibitisha kwamba" yanakuja hapa. Chukua hili, ambalo huenda umeliona: kwa kila x iliyo zaidi ya sufuri, thibitisha kwamba ln(1 + x), yaani logi asilia ya 1 + x, ni ndogo kuliko x, lakini ni kubwa kuliko x ÷ (1 + x). Unalitazama na huoni tofauti yoyote, huoni f(b) − f(a), na ndiyo maana linakushinda. Mbinu ni kuiona sufuri iliyojificha. Logi asilia ya 1 ni sufuri, kwa hiyo ln(1 + x) ni sawa na ln(1 + x) − ln 1, na hiyo ndiyo tofauti uliyokuwa ukiitafuta. Chukua f(t) = ln t kuanzia 1 hadi 1 + x; nimetumia t kwa makusudi, kwa sababu x tayari ina kazi ya kuonyesha ncha, na anayeipa herufi moja kazi mbili hujichanganya mwenyewe. Derivativu ni 1/t na umbali ni x. Kwa hiyo ln(1 + x) = x ÷ c, ambapo c iko kati ya 1 na 1 + x. Kwa kuwa c ni zaidi ya 1, x ÷ c ni chini ya x. Kwa kuwa c ni chini ya 1 + x, x ÷ c ni zaidi ya x ÷ (1 + x). Swali limekwisha, kwa mistari minne.

Usidhani kwamba huo ni mchezo wa herufi tu. Tuseme akiba ya chama chenu inakua kwa asilimia 10 kila mwaka, riba juu ya riba, na katibu anataka kujua ni lini itakuwa maradufu. Miaka inayohitajika ni ln 2 ÷ ln 1.1. Ukikumbuka tu kwamba ln 2 ni 0.693, thiorema inakupa kwamba ln 1.1 iko kati ya 0.1 ÷ 1.1, yaani 0.0909, na 0.1. Kwa hiyo muda unazidi miaka 6.9 na haufiki 7.7. Hesabu kamili ni miaka 7.27, maana yake riba ikiwekwa mara moja tu kila mwisho wa mwaka, akiba itakuwa imepita maradufu mwishoni mwa mwaka wa nane. Umelipata jibu hilo kwa kugawanya tu, na jedwali la logi limebaki mfukoni.

Lipo tumizi lingine ambalo umekuwa ukilitegemea tangu kidato cha nne bila kuambiwa. Mlipofundishwa intigrali, yaani kurudi kutoka kwenye derivativu hadi kwenye fankisheni yake, mliambiwa mwishoni mwa jibu muongeze C. Kwa nini C tu? Kwa nini pasiwe na fankisheni nyingine ya ajabu ambayo derivativu yake pia ni 2x, lakini haitofautiani na x² kwa nambari moja tu isiyobadilika? Jibu ni thiorema ya wastani. Fankisheni mbili zikiwa na derivativu moja, tofauti yao ina derivativu ya sufuri kila mahali. Chukua nukta mbili zozote. Thiorema inasema tofauti ya thamani katika nukta hizo ni sufuri mara umbali, yaani sufuri. Kwa hiyo tofauti yao haibadiliki popote, na hiyo ndiyo C. Jambo linaonekana dogo, lakini jaribu kulithibitisha bila thiorema hii, na utaona ni gumu kiasi gani kutoka kwenye "haibadiliki hapa, wala pale, wala pale" hadi kwenye "haibadiliki kabisa". Derivativu ni habari ya mahali pamoja, ilhali unachokitaka ni habari ya safari nzima, na hapo katikati huwezi kuvuka bila c.

Sharti lililofichika katika hoja hiyo ni kwamba kipande kiwe kimoja kisichokatika. Intigrali ya 1/x ni ln|x| + C, lakini penye sufuri pana shimo, na hakuna njia ya kutoka upande wa hasi hadi upande wa chanya bila kuruka. Kwa hiyo unaweza kuweka C moja kushoto na nyingine kulia, na derivativu bado itakuwa 1/x kila mahali. Vitabu vingi huliruka jambo hili, na mwalimu mtarajiwa kama wewe atakuja kuulizwa na mwanafunzi mwerevu.

Kwa njia ile ile unathibitisha kwamba derivativu ikiwa chanya kwenye kipande kizima, fankisheni inapanda kwenye kipande hicho, na kwamba mlinganyo kama x⁵ + 2x − 5 = 0 una jibu moja tu. Upande wa kushoto ni −2 penye 1 na ni 31 penye 2, kwa hiyo jibu lipo kati yao. Kama yangekuwapo mawili, Rolle angedai nukta yenye derivativu ya sufuri katikati yake, ilhali 5x⁴ + 2 haishuki kamwe chini ya 2.

Jaribio ninalolipenda mimi ni la kikokotoo. Kiweke kwenye radiani badala ya digrii, andika nambari yoyote, kisha bonyeza kitufe cha kosini, na ubonyeze tena juu ya jibu, na tena. Mwanzoni nambari zinaruka huku na huku. Ukianzia na 1 utapata 0.540, kisha 0.858, kisha 0.654, kisha 0.793. Baada ya mibonyezo arobaini au hamsini skrini inatulia kwenye 0.739085, na haiondoki tena hata ubonyeze mpaka kesho. Nambari hiyo, tuiite p, ni ile ambayo kosini yake ni yenyewe. Kwa nini inavuta kila nambari? Thiorema inasema kwamba cos x − cos p ni sawa na hasi ya sin c mara (x − p). Cos p ni p, kwa hiyo umbali mpya kutoka p ni ule wa zamani ukizidishwa kwa ukubwa wa sin c. Baada ya mibonyezo miwili umo kati ya 0.54 na 1, pamoja na p, na humo sini haizidi sini ya 1, ambayo ni takriban 0.8415. Kila mbonyezo basi unapunguza umbali hadi asilimia 84.15 ya ule uliotangulia, au chini ya hapo. Karibu na p yenyewe ni takriban asilimia 67, na ndiyo maana desimali mpya hujitokeza kwa kila mibonyezo mitano au sita hivi. Kila mbonyezo una c yake. Arobaini zinapita na hatujaiona hata moja.

Mwisho nikutahadharishe kuhusu mwaka wa pili, ambapo mtasoma mwendo katika pande mbili kwa pamoja. Boda boda ikizunguka kiungo cha barabara mjini Kisumu na kurudi pale ilipoanzia, umbali kutoka mwanzo hadi mwisho ni sufuri katika pande zote, kwa hiyo wastani wa mwendo wenye uelekeo ni sufuri. Hata hivyo boda boda haikusimama hata mara moja. Rolle anafanya kazi kwa upande wa mashariki na magharibi peke yake, na kwa upande wa kaskazini na kusini peke yake, lakini nyakati mbili anazozitoa si lazima ziwe wakati mmoja, na kwenye mzunguko huwa tofauti. Kwa hiyo usawa wenyewe, ule wenye alama ya =, unavunjika. Kinachobaki ni mpaka: umbali mnyofu kutoka mwanzo hadi mwisho hauwezi kuzidi kasi kubwa kuliko zote ikizidishwa kwa muda. Mwaka wa pili mtautumia mpaka huo katika karibu kila uthibitisho, na hautakuwa na c ndani yake.